Mguu Wangu Juu ya Pedali

Mimi niliishia darasa la saba. Kinanda nilifundishwa kanisani, Kihesa, Iringa, na aliyenifundisha namtaja bila kumwonea aibu: mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyeogopwa hadi na mchungaji. Kinanda chenyewe kilikuwa cha upepo. Unakanyaga vibao viwili kwa zamu, hewa inaingia, sauti inatoka. Ukisimamisha miguu, wimbo unakatika ibada ikiendelea. Kila niliposimamisha, alinichapa kwenye kifundo cha mguu kwa fimbo ya mkaratusi, waumini wamefumba macho wanasali. Mchungaji aliona, akanyamaza. Nilitoka mikononi mwao hai, ila mguu ulibaki na woga.

Baadaye tukaletewa piano. Ina pedali upande wa kulia. Ukiikanyaga, noti zinaendelea kulia hata ukiinua vidole. Mimi niliikanyaga tangu mwanzo wa wimbo mpaka amina. Makosa yangu yakamezwa humo humo. Watu wakasema napiga kwa upako, na mimi, mjinga, nikakubali.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha binti wa dada yangu. Alikuwa anatafuta nafasi ya kusomea muziki Mbeya, na walitaka apige sonata, muziki wa piano usio na maneno, ya zama za klasiki. Sonata zile hazitaki mguu mzito. Kila noti isikike peke yake, na palipoandikwa kimya pawe kimya. Pedali unaigusa tu, unaiachia. Yeye aliligundua hilo kwa masikio yake. Siku moja akapiga bila pedali, safi kabisa. Nikamchapa kifundoni kwa rula.

Nimeandika hilo, basi. Nilimchapa pale pale nilipochapwa mimi.

Tulipofika Iyunga, huko Mbeya, mwalimu wa kumsikiliza alikuwa mama mpole, mwenye miwani. Binti akakaa, akakanyaga, sonata ikawa matope. Mama akamwacha amalize, kisha akamwambia aondoe mguu na arudie. Akarudia. Nilikaa nyuma kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza nikasikia kazi ya vidole vya yule mtoto.

Mama akavua miwani. "Vidole unavyo, mwanangu. Sasa niambie kweli. Huko kukanyaga umefundishwa, au unaficha uvivu? Wa kufundishwa vibaya namchukua, namnyoosha. Anayejificha simwezi."

Binti akanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikatazama dirishani, kama mtu anayesubiri mvua.

"Ni mazoea yangu mwenyewe, madam," akasema. "Hakuna aliyenifundisha."

Yule mama alinitazama kidogo, akajaribu tena: una hakika? Binti akasema ndiyo. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Miaka yote nimemlaani mwalimu wa kwaya, nimemlaani na mchungaji, na sijafuta hata neno. Lakini siku ile hawakuwapo. Aliyekuwapo ni mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimejibanza nyuma ya binti wa dada yangu.

Nje, barabarani, hakulia. Alifunga kamba ya kiatu, akaniambia taratibu, "Mjomba, ungesema tu. Nisingekucheka."

Nikamjibu afanye haraka, basi la Iringa litatuacha.