Bei ya Wakati wa Reli

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ardhi Iringa, Mthamini wa Mkoa alinikabidhi futi ya kupimia akasema, "Nyumba itakungoja, kijana. Bei haikungoji." Nilicheka kwa adabu tu.

Nilikuja kumwelewa nikiwa Mbeya, nilikohamishiwa reli ya kwenda Zambia ikiwa imekwisha kujengwa. Barabara mpya ilipangwa kupita penye nyumba ya Mama Tusekile, mjane wa mtaa wa Mwanjelwa, na fidia ndiyo ingempatia pengine pa kuishi. Kazi yetu ilikuwa kulinganisha nyumba na nyingine ya namna yake iliyokwisha kuuzwa. Iliyofanana na yake ilikuwa ya jirani, nayo iliuzwa wakati vibarua wa reli walipojaa mjini, kila chumba kina mpangaji. Bei ya namna hiyo haibebwi kama ilivyo. Inarekebishwa kwa hali ya soko ya leo, na marekebisho yenyewe uyatetee.

"Mwanangu, andika ile ya jirani," Mama Tusekile aliniomba. "Ile itanitosha." Nilimwonea huruma sana, nikampelekea bosi wangu mpya ombi lake.

"Hata mimi namhurumia," alisema bosi, mtu mpole asiyepandisha sauti. "Lakini kusema bei imebaki palepale nako kunataka ushahidi. Katafute nyumba iliyouzwa mara mbili, wakati ule na sasa, bila kuguswa."

Nikazunguka na matope ya Mbeya. Ya kwanza waliuziana mashemeji, na bei ya undugu haipimi soko. Ya pili ilikuwa imeezuliwa nyasi ikapigwa bati, kwa hiyo si nyumba ileile tena. Mwishowe nikapata ya muuza vitambaa mmoja, milango ileile, choo kilekile. Bei ilikuwa imeshuka, na vyumba vya mtaa mzima vilikuwa wazi. Nikaipunguza bei ya jirani kwa kadiri hiyo.

Nilikwenda kumwambia Mama Tusekile mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Kwa hiyo mmenibomolea mara mbili," alisema. Niliondoka nimenywea, na kwa muda mrefu nilikwepa mtaa ule.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii hunijia wakiuliza waongeze kiasi gani kwa kila mwaka uliopita, kana kwamba bei inajua kupanda tu. Nawaambia waende kwanza wakaongee na aliyeuza na aliyenunua. Halafu nawasimulia jinsi Mama Tusekile alivyoniita baadaye, kwenye nyumba aliyonunua kwa fidia ile, si mbali na ya zamani na haikupungua hata chumba. Nilisita mlangoni.

"Ingia ule," alisema, akinipakulia wali. "Bei niliyoililia mimi, aliyeniuzia hapa naye aliililia. Nikamwambia, baba, vibarua wameondoka. Kama hunisadiki, kamuulize mthamini."