Kilichonasa Kwenye Sensa

Naandika haya nikijua kwamba Jumapili siendi kanisani.

Kwaya yetu ya Makoko ilikuwa iende Butiama kumzika dada wa Mama Nyanjige, mwenyekiti wetu. Lori ni lake, fundi ni mimi, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimelisafisha tanki la adblu, ile dawa inayosafisha moshi wa dizeli. Asubuhi ya safari dashibodi ikaonyesha tanki ni tupu, injini ikakosa nguvu. Nikafungua mfuniko, nikakuta limejaa.

"Sensa ya kupimia dawa imekufa," nikamtangazia Mama Nyanjige, bila hata kuichomoa. "Hizi huwaga hazidumu. Halafu dereva wako anawekaga maji ya ziwa."

Mama Nyanjige akaagiza sensa mpya Mwanza, ije na basi. Tukasubiri, wanakwaya wameketi kwenye lori na sare zao za zambarau, mpaka simu ikapigwa kutoka Butiama kwamba wameshazika.

Sensa ilipofika ndipo nikaichomoa ile ya zamani. Ilikuwa nzima. Boya lake lilikuwa limevutwa chini na kitambaa kilicholizonga. Nikakikunjua. Kilikuwa cha zambarau, kina kifungo: mkono wa shati langu la kwaya, lile nililolichana kuwa matambara baada ya oili kukataa kutoka.

Mama Nyanjige, macho yamevimba kwa kulia, akauliza taratibu, "Baba Mugeta, hiyo si ile sare uliyotuambia imeibiwa?"