Ng'ombe ya baba mukwe na ukuta yangu ya mugomba

Bandugu, leo ng'ombe dume ilipiga nyumba yangu kichwa.

Mupaka sasa niko nacheka.

Munajua ile nyumba tunajenga hapa Karuba. Matofali nilichanganya miye mwenyewe: simenti, muchanga, na nyuzi za mugomba zenye nilikausha. Iko mwepesi, hata mutoto anabeba tofali bila kuhema.

Njo maana baba mukwe alikataa hata kuegemea ukuta.

"Hii si nyumba, ni chakula ya ng'ombe. Siku moja zitakuja kuikula."

Huku kwetu, muke ya muntu hajibizani na baba mukwe. Nikaendelea kupanga matofali. Lakini kila mvua ikinyesha, nilikuwa naenda kugusa ukuta, roho juu juu.

Sasa leo asubuhi, dume ya baba mukwe ikakata kamba. Ikakuja mbio, ikavunja lupango, ile uzio ya mbao, ikagonga ukuta na pembe zote mbili.

Buuum!

Nilifunga macho.

Kufungua: ukuta iko wima! Kamukwaruzo tu, kama ya kucha. Dume iko inatikisa kichwa sawa mulevi.

Asante Mungu, nikaikala chini.

Baba mukwe akafika mbio. Nikafikiri anakuja kuangalia nyumba.

Wapi!

Akapapasa pembe za ng'ombe polepole, kisha akanigeukia na hasira:

"We mama, ukuta gani mugumu hivi? Unataka kuniulia ng'ombe?"



Niliinamisha kichwa, nikasema: "Pole, Papa."

Sijasemaka pole tamu kama ile.