Mwanafunzi wa Kigeni Kutoka Chala

Mkisikia mtu ananiita Balozi hapa Voi msidhani nina cheo, jamani, hiyo ni aibu yangu mnaisikia ikiitwa kwa heshima, na kwa vile mmeniuliza mara tatu, na leo nimeshiba na sina haraka, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wenye chumvi nyingi (ingawa kusema kweli mkasa huu hauhitaji chumvi).

Mimi ni Mdawida, Mtaita mnavyotuita nyinyi, nimezaliwa na kukulia Chala, kule karibu na ziwa, mahali ambapo mbuzi wako akikata kamba anaweza kulala Tanzania na asubuhi ukaenda kumchukua bila kelele. Sisi hatuuoni mpaka vile mnavyouona nyinyi kwenye ramani. Siku ya soko tunavuka kwenda kwao, siku nyingine wanavuka kuja kwetu, na simu zetu nazo hazijui zimelala wapi: umekaa jikoni kwa mama unamenya ndizi, simu inalia, unakimbia ukidhani ni mtu wa maana, kumbe ni ujumbe unakukaribisha Tanzania. Tumezoea. Hakuna mtu wa Chala anayesoma ujumbe huo mpaka mwisho.

Sasa, mwaka wa kwanza baada ya kumaliza kidato cha nne niliomba nafasi ya kusomea upishi na kazi ya hoteli katika chuo kimoja hapa Voi (jina sitalitaja, bado ndiko ninakosoma), nikaikosa kwa sababu ya kuchelewesha karatasi siku mbili. Siku mbili tu. Mama hakunigombeza. Alinyamaza, akachukua jembe akaenda kwenye vitunguu, na mama yangu akinyamaza ni afadhali angepiga kelele majirani waje. Nikapalilia vitunguu mwaka mzima nikiwaona wenzangu wanarudi likizo wamevaa aproni nyeupe kwenye picha, na nikaapa kwamba mwaka unaofuata ile nafasi nitaipata hata kama ni kwa kuingilia dirishani. Mungu husikia viapo vya kijinga pia.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi nilipanda kilima kilicho nyuma ya kwetu, maana huko ndiko mtandao unashika, simu ikiwa na chaji ya kuhesabu. Fomu ya chuo ilipofunguka nikaona imeshajijazia yenyewe nchi ninayotoka: Tanzania. Nikacheka, nikabadilisha nikaweka Kenya, na hapo ndipo ikanionyesha masharti ya wanafunzi wa humu nchini, kwamba nipige picha na kutuma leo hii slip ya KCSE, ile ya matokeo ya kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na cheti cha kumaliza shule. Vitatu vya kwanza ninavyo. Hicho cha mwisho kilikuwa shuleni Taveta, ndani ya kabati la mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa amesafiri na funguo. Nikajaribu kupaacha wazi, fomu ikakataa. Nikapiga picha cheti cha ubatizo nikatuma hicho (msinicheke, nilikuwa nimebanwa), fomu ikakataa tena.

Basi nikarudi Tanzania, yaani kwenye fomu. Masharti ya wageni yalikuwa marefu kuliko yetu: pasipoti, kibali cha mwanafunzi, barua ya kulinganisha matokeo ya kwao na ya Kenya, bima ya matibabu, mpaka nikawaonea huruma hao wageni. Lakini chini kabisa kulikuwa na sentensi moja tamu kama asali, inasema hati zote hizo zitaletwa siku ya kuripoti. Nikaitazama hiyo sentensi, nikatazama chaji, nikakumbuka mama na jembe lake, nikajiambia, nitaeleza nikifika. Maneno mawili tu. Nikabonyeza, na simu ikazima.

Barua ilipokuja baada ya wiki chache ilisema chuo kina furaha kunipokea kama mwanafunzi wa kimataifa. Mama aliona jina langu na muhuri, hakusoma zaidi ya hapo, akaimba. Jumapili alisimama kanisani akatoa shukrani, watu wakanipigia makofi, na mimi nikainama kwa unyenyekevu huku nikifikiria pasipoti. Ningemwambia siku hiyo ningepona. Sikumwambia.

Siku ya kuripoti mimi nilikuwa nimetangulia Voi, nikalala kwa binamu yangu, tukakubaliana mama atanifuata na godoro langu kwa pikapu ya jirani anayeleta nyanya, kwa sababu wazazi walialikwa kwenye sherehe ya saa nne. Nikafika langoni mapema nikiwa nimejipanga kabisa nitakavyosema: hamjambo, mimi ni Wakesho, ninatoka Chala, simu yangu ilikosea na mimi nikakosea zaidi. Sentensi nzuri, fupi, ya ukweli. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima.

Kumbe kuna meza mbili. Ya kwanza imeandikwa Wanafunzi wa Kenya, na foleni yake imetoka langoni ikazunguka mti ikapotelea nyuma ya jengo, watu na masanduku ya bati na magodoro na ndoo, jua la Voi mnalijua, hata saa mbili asubuhi linakuuliza umefuata nini. Ya pili imeandikwa Wanafunzi wa Kimataifa. Ilikuwa chini ya hema, imetandikwa kitambaa kizuri cha kufumwa, kuna maua, kuna kibendera cha Tanzania, na nyuma yake amekaa mama mmoja wa makamo, buibui nadhifu, miwani, anatabasamu peke yake. Huyo ndiye Bi Zuhura, msajili wa chuo, mzaliwa wa hapa hapa Voi katika zile familia za asili ya pwani, na Kiswahili chake ukikisikia unajiona wewe unaongea kama unabeba mawe.

Nikamwendea nimweleze. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Karibu sana mwanangu, hapa ni kwenu. Keti kwanza unywe kitu kabla ya maneno." Akafungua soda baridi mpaka inatoa jasho. Sasa niambieni, mtu mzima ameshasema kabla ya maneno, mimi ni nani nianze maneno? Nikaketi. Nikasema moyoni, nitaeleza nikimaliza soda.

Soda iliisha, nikaongezewa mandazi. Huku nakula Bi Zuhura ananieleza kwamba mimi ndiye mwanafunzi wa kwanza kutoka nje tangu chuo kifunguliwe, kwamba mkuu wa chuo hajalala kwa furaha, kwamba kile kitambaa cha meza amekitoa nyumbani kwake, ni kazi ya mkono wa marehemu mama yake. Kila alivyoendelea ndivyo ile sentensi yangu ya ukweli ilivyozidi kushuka tumboni pamoja na mandazi. Halafu akaniuliza pasipoti, kwa upole tu, na mimi mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu kwamba imo kwenye mzigo utakaoletwa na mama. Akasema hapana shida mwanangu, tutamalizia baada ya sherehe, maana utatusalimia kwa niaba ya wanafunzi wa kigeni.

Nikamuuliza tuko wangapi.

"Ni wewe," akasema.

Ningekuwa na akili ningeenda chooni nisirudi. Lakini kule upande wa pili nilikuwa naiona ile foleni ya Wakenya, na nikafikiria kwamba nafasi zao zimeshajaa, nikisema mimi ni mwenzao nitaambiwa nirudi Chala, na vitunguu vilikuwa vinaningoja. Hofu hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo, si ujeuri. Basi nikaamua kuwa Mtanzania kwa saa moja. Mambo ya sokoni ng'ambo nayajua, nikaanza kulegeza sauti, naomba hiki, naomba kile, jamani asanteni sana, mpaka Bi Zuhura akawa anawaambia wenzake wasikie Kiswahili cha watu waliofunzwa (mimi, niliyepata C ya Kiswahili kwa kusukumwa).

Saa nne hema likajaa. Mkuu wa chuo akasimama mbele ya mgeni wa heshima kutoka kaunti, akasema leo chuo chetu kimevuka mipaka, akaniita. Nikapanda jukwaani na kile kibendera mkononi. Nikasema ninawaletea salamu kutoka nyumbani, ambayo ni kweli, nikasema nyumbani tunalima ndizi na vitunguu, ambayo pia ni kweli, na nilikuwa nimeanza kudhani nitateremka salama bila uongo mpya. Mkuu akaniuliza kwa ukarimu wake, mpakani mambo yalikuwaje. Nikajibu kwamba yalikuwa mazuri tu, nimegongewa muhuri upesi, askari wa Kenya ni watu wapole sana. Watu wakapiga makofi.

Makofi yalipotulia nikaona godoro limesimama nyuma ya hema. Chini ya godoro kulikuwa na mama.

Alilitua taratibu, akanyoosha mkono juu kama anavyofanya kanisani akitaka kutoa ushuhuda, na mkuu wa chuo, kwa kuwa ni mtu muungwana, akamruhusu. Mama akasema, "Samahani mwalimu. Huyo msichana mnasema ni wa Tanzania ni mtoto wangu. Tanzania ameenda siku za soko tu, na jioni anarudi kulala kwangu."

Mkuu akatabasamu, akamwambia mama pengine amemfananisha, watoto siku hizi wanafanana.

"Mimi ndio nimemzaa," mama akasema, "nitamfananisha aje? Wakesho, shuka hapo. Na hiyo bendera ya watu rudisha."

Sijui kicheko kilianzia wapi. Najua kilifika kwenye safu ya wageni wa heshima, najua yule mgeni wa kaunti alivua miwani akafuta macho, na najua kwamba kutoka jukwaani mpaka chini kuna ngazi tatu na mimi nilizishuka kwa muda unaotosha kupika maharagwe. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Nililia mbele za watu, sifichi, machozi na kamasi, na sikumlilia mama wala wale wanaocheka, nililia kwa sababu nilijua nafasi yangu imekwenda na safari hii nimeipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tukaitwa ofisini, mimi na mama. Bi Zuhura alikuwa amekunja kile kitambaa, amekiweka mapajani, hanitazami, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko chote. Nikamweleza kila kitu tangu kilimani: fomu, kabati la mwalimu mkuu, cheti cha ubatizo, soda. Mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa bahasha. Alikuwa amepita shuleni Taveta alfajiri hiyo njiani, mwalimu mkuu karudi, na ndani kulikuwa na cheti changu cha kumaliza shule, kimenyooka, hakina hata kunjo. Mama alikuwa anajua siku nyingi kwamba nakihitaji. Mimi sikumuuliza tu.

Bi Zuhura akavaa miwani, akakisoma, akafungua kompyuta, akaigeuza ili nami nione. Kulikuwa na orodha ya wanafunzi wa kimataifa waliokubaliwa mwaka huo. Walikuwa sita. Mmoja mimi, na wengine watano, nikasoma wanakotoka, Chala, Chala, Taveta, na wengine wawili wa huko huko kwetu, simu zao zimewafanyia kama yangu. Mbele ya majina yao yote matano pameandikwa: amerekebishwa langoni.

"Hawa walipofika walisema," Bi Zuhura akaniambia. "Nikawaandikia karatasi, nikawapeleka foleni ile nyingine. Dakika tano kila mmoja. Nikabaki nawe tu, na wewe hukusema kitu, nikaona huyu basi ndiye wa kweli. Mwanangu, nafasi ilikuwa yako tangu asubuhi."

Mtu tangu kilimani anajiambia nitaeleza nikifika, akafika, na maelezo yakamshinda kwa ajili ya soda. Bi Zuhura aliniandikia ile karatasi ya dakika tano, akanielekeza kwenye foleni ya Wakenya, mwisho kabisa, nyuma ya jengo, na mama akasimama nami juani mpaka saa tisa akiwa ameshika godoro. Hakunyamaza kama ile siku ya vitunguu, nashukuru. Alicheka peke yake, mara kwa mara, akitikisa kichwa na kusema askari wa Kenya ni watu wapole sana.

Sasa niko mwaka wa pili, napika, nimevaa hiyo aproni nyeupe, naitwa Balozi na naitika. Na mwezi uliopita, siku ya kuripoti ya wanafunzi wapya, Bi Zuhura aliniweka kwenye ile meza ya kimataifa, kitambaa ni kile kile, akaniambia kazi yako wewe unaijua. Saa mbili hivi akaja msichana, barua mkononi, macho yanaenda kwenye foleni ndefu, yanarudi kwenye hema, yanatua kwenye soda. Akaniamkia kwa sauti ya kulegeza, akasema ametoka safari ya mbali.

Nikaisogeza ile soda upande wangu.

"Karibu dada," nikamwambia. "Chala kwa nani? Sema kwanza, soda utakunywa baadaye."

Akasema. Nikamwandikia karatasi yake, nikampa na soda akanywe kwenye foleni.