Gari Dogo Lililomleta Aabo Garissa

Niliondoka Garissa kwa sababu baba yangu alikuwa amekataa kupandishwa gari.

Baba, ambaye nyumbani tunamwita Aabo kama Wasomali wengi, alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake. Alipakia mbuzi na ng'ombe mjini kwetu Modogashe, akawafikisha Nairobi, akarudi na unga, sukari na mabati. Asubuhi moja, akiwa anatawadha, kiharusi kikamwangusha. Upande wake wa kulia ukalegea, mkono na mguu, na maneno yakamkatika. Kuelewa alielewa, macho yake yalituambia hivyo. Lakini tangu siku ile hakuwa ametamka hata neno moja.

Daktari aliyemwona alisema Garissa kuna mtaalamu wa kuwarudisha wagonjwa wa namna hiyo kwenye usemi, na kwamba asicheleweshwe, kwani kadiri siku zinavyopita ndivyo mambo yanavyozidi kuwa magumu. Jamaa wakaleta Land Cruiser. Mlango wake uko juu, kwa hiyo ilibidi wanaume wamnyanyue. Aabo aliwasukuma kwa mkono wa kushoto, akaugeuza uso wake ukutani. Walijaribu tena wiki iliyofuata, yakawa yale yale. Mtu aliyepanda lori maisha yake yote kwa miguu yake mwenyewe hakutaka kupakiwa kama gunia.

Ndipo mama yangu, Hooyo, aliponipigia simu. Hakulalamika, hakulia. Alisema tu, "Sahra, njoo na kale kagari kako. Kako chini. Labda ataweza kuketi mwenyewe."

Kagari kenyewe nikaeleze kidogo. Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya upili nje kidogo ya mji, na nilichoka kungoja tuktuk kwenye jua. Nikanunua gari dogo la milango mitano, lililokwisha kutumika Japani, aina inayoitwa haibridi. Lina injini ya petroli na lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, na lenyewe huchagua litumie ipi. Ukiwa mwendo wa pole au umesimama, injini hunyamaza kabisa. Ukikanyaga breki, betri hujaa nguvu. Linakunywa mafuta kama ndege anavyokunywa maji. Walimu wenzangu walilicheka, wakasema ngamia ataliruka bila kujua amepita juu ya kitu. Kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi ikasema maneno ya Kijapani ambayo mpaka leo sijui maana yake. Mimi nalipenda hivyo hivyo.

Ijumaa jioni nililipeleka kwa Mutua, fundi ninayemwamini, pale karibu na soko la mifugo. Alikagua magurudumu, akainamia kiti cha nyuma, akanionyesha tundu lenye wavu ambamo betri huvutia hewa. Lilikuwa limeziba vumbi jekundu. Akalisafisha kwa brashi.

"Mwalimu, adui wa hii gari ni vumbi," alisema. "Hapa usiweke mzigo wala nguo. Betri ikikosa hewa inachoka kama mtu."

Jumamosi alfajiri niliswali, nikapakia maji na tairi la akiba, nikatoka mjini kabla jua halijakaza. Mpaka Nuno barabara ilikuwa tupu, lami nyeusi imenyooka katikati ya migunga mifupi. Twiga watatu walikuwa wanakula majani kando ya njia. Nilipunguza mwendo, na kwa kuwa injini ilikuwa imenyamaza, hawakugeuza hata shingo. Nilishusha kioo nikawapita karibu kuliko nilivyowahi kuwapita twiga maishani.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari alizunguka gari zima akitabasamu. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipotaja Modogashe alitazama chini, kwenye nafasi iliyobaki kati ya gari na ardhi, akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninamfuata baba yangu mgonjwa. Tabasamu likaondoka. Akanieleza kwamba mbele maji ya mvua yamebeba kalvati la kupitishia maji chini ya barabara, kuna mchepuko wa mchanga, nisiuingie kwa haraka. Akanitakia heri kwa jina la Mungu wangu, ingawa yeye alikuwa na msalaba shingoni.

Mchepuko niliukuta pale alipousema. Barabara ilikatika ghafla, na njia za magurudumu ya malori zikateremka ndani ya laga, yaani mto mkavu, zikapanda ng'ambo ya pili. Niliegesha, nikavua viatu, nikautembea mchanga wote kwa miguu nikitafuta mahali pagumu. Nilipopita, tumbo la gari lilikwaruza, moyo wangu ukakwaruza nalo. Nilitoka salama, lakini nilikuwa peke yangu. Kurudi tungekuwa watatu, na gari lingekuwa chini zaidi. Wasiwasi huo nilikwenda nao hadi Modogashe.

Adhuhuri niliingia mjini, nikapita malori yaliyopangana kwenye njia panda, nikageukia nyumbani. Hooyo alinikumbatia mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Aabo alikuwa ameketi kitandani barazani, kanzu nyeupe, ndevu zake zimepakwa hina upya. Hooyo ndiye aliyezipaka. Nilimbusu mkono wa kulia. Ulikuwa mzito na wa baridi, nao haukunijibu.

Mchana kutwa wageni waliingia na kutoka. Wote walimpenda, na wote walisema kwa niaba yake. Huyu akiuliza, "Mzee amekula?" yule alijibu amekula. Huyu akiuliza kama anaumwa, jirani alijibu leo hajambo. Walimwinamia wakapaza sauti kama anayesemeshwa ni kiziwi: una njaa? unataka maji? unanijua mimi nani? Aabo alitazama mbele, kwenye njia panda, ambako malori yalikuwa yakibadilisha gia.

Mzee Gure, rafiki yake wa barabarani tangu zamani, alikuja kunywa chai ya maziwa ya ngamia pamoja nasi. Alilitazama gari langu, akasema kwa upole kwamba katika umri wake hakuwahi kuona gari la kimo cha mbuzi. Kisha akaketi karibu na Aabo bila kusema chochote hadi kikombe kikaisha. Kati ya wageni wote wa siku ile, ni yeye pekee niliyeona Aabo anamtazama.

Asubuhi iliyofuata nilirudisha gari nyuma hadi kwenye ukingo wa baraza, nikafungua mlango wa abiria, nikawaomba majirani wakae mbali. Walisita. Hooyo akawaambia kwa Kisomali kwamba binti yake amesema, na wao wamesikia.

Aabo alikuja akiegemea fimbo, akiuburuta mguu. Alisimama mbele ya mlango. Akapapasa paa kwa kiganja cha kushoto, kama mtu anayepapasa mgongo wa mnyama asiyemfahamu. Kisha akageuka, akakipa kiti mgongo, akaanza kujishusha. Mikono yangu ilitaka kumshika, nikaifunga nyuma yangu. Alishuka polepole, na kiti kikampokea. Aliuingiza mguu wa kushoto. Wa kulia aliushika kwa mkono mzima, akaunyanyua, akauweka ndani mwenyewe. Hooyo alikuwa ametazama pembeni. Nilifunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Nilipowasha, yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake. Hooyo, aliyekaa nyuma na shanta la nguo mapajani ili tundu la betri lisizibwe, akamjibu, "Wa alaykumu salaam, dada." Nilicheka mpaka tukatoka mjini.

Niliona mguu wa kushoto wa Aabo ukikanyaga sakafu kila tulipofika mwinuko. Alikuwa akikanyaga klachi ambayo gari langu halina. Mkono wake wa kulia ulilala kati yetu, karibu na gia.

Kabla ya kufika kwenye laga, kundi la ngamia lilikuwa linavuka barabara. Nikasimama. Kama ilivyo kawaida yake, injini ikanyamaza. Kukawa kimya kabisa. Kengele za mbao shingoni mwa ngamia ndizo zilizosikika.

Aabo alikakamaa. Mkono wake wa kushoto ukapiga dashibodi. Midomo ikafanya kazi, ikaacha, ikaanza tena.

"Imezima," akasema.

Alisema kwa Kisomali, kwa sauti nene iliyolala muda mrefu. Nami nilitaka kugeuka, nimshike uso, niite majina yote ya Mungu. Sijui ni nini kilichonizuia. Nilimjibu kama dereva anavyomjibu dereva mwenziwe.

"Haijazima, Aabo. Inatumia betri."

Akatikisa kichwa kwa hasira. "Imezima."

Ngamia wa mwisho alipopita nilikanyaga kidogo, gari likasogea bila sauti yoyote. Aabo akatazama kingo za barabara zikirudi nyuma. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Tulipoongeza mwendo injini ikaamka, ule mtetemo mdogo ukapita chini ya miguu yetu.

"Imewaka," akasema, na uso wake ukafunguka.

Hooyo alikuwa analia ndani ya shungi lake akisema Alhamdulillahi. Kisha, kwa furaha, akaanza kumuuliza. Baba Sahra, una kiu? Baba Sahra, hebu niite jina langu. Baba Sahra, unajua tunakwenda wapi? Nikaona kwa pembe ya jicho uso wa Aabo ukijifunga tena, kidogo kidogo. Nikamwomba Hooyo kwa sauti ya chini apumzike. Alielewa, akanyamaza.

Kwenye mchepuko nilisimamisha gari juu ya ukingo. Usiku ulikuwa umepitisha malori mengine, na njia niliyoijua haikuwapo tena. Nilikuwa na hofu ya kweli. Tukikwama pale, mzee asiyeweza kutembea mbali angekaa juani hadi msaada uje. Sikumuuliza Aabo kama hajambo. Nilimuuliza nilichohitaji kujua.

"Aabo, nipite wapi?"

Alitazama mchanga. Alichukua muda mrefu sana, na nafsi yangu yote iliniambia nimsaidie, nimtajie kulia au kushoto achague. Nilisubiri. Alinyanyua mkono mzima.

"Kushoto," akasema. Baadaye kidogo, kwa taabu, "Usi... usisimame."

Niliteremka. Mchanga ulitushika, matairi ya mbele yakaanza kuteleza, kitu kikakwaruza chini yetu kwa urefu wa gari lote. Mguu wangu ulitaka breki. "Usisimame," alisema kwa nguvu zaidi, na neno likatoka zima. Sikusimama. Gari lilipinda, likashika mahali pagumu, likapanda ng'ambo likilia kama mbuzi, likarudi kwenye lami. Hapo ndipo nilipoegesha nikalia. Nilishika mkono wake wa kulia. Sikujua kama anausikia mkono wangu, lakini aliniacha niushike mpaka nilipokuwa tayari kuendesha.

Alasiri tuliingia Garissa. Tulipokuwa tunapita kati ya tuktuk karibu na soko, gari likinyamaza na kuamka, Aabo alikuwa akitangaza kila badiliko, imezima, imewaka, na Hooyo akicheka nyuma kama msichana.

Wiki zilizofuata alikaa kwangu. Mtaalamu wa usemi, mwanamke kijana mwenye subira, hakushangaa nilipomsimulia. Alisema mara nyingi maneno ya kazi ya mtu hutangulia kurudi. Akatufundisha kumpa muda, na kutomuuliza maswali ya mtihani. Maneno mengine yalirudi, mengine hayajarudi. Mimi bado ananiita kwa jina la shangazi yangu, nami naitika. Mkono umeanza kushika kikombe.

Nimefikiri sana kuhusu safari ile. Nyumbani tulimuuliza mambo ambayo sisi wenyewe tulikuwa na majibu yake: jina lake, majina yetu, kama amekula. Garini alijua jambo ambalo alidhani mimi silijui, na lilikuwa jambo la hatari, na binti yake ndiye aliyeshika usukani. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa hahitaji tu kuhudumiwa. Anahitaji kuhitajiwa.

Mwezi uliopita nilimrudisha Modogashe. Kalvati limetengenezwa sasa, njia yote ni lami. Nililala usiku mmoja. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye gari kwa fimbo, akasimama karibu na kioo changu. Nikaona anatafuta neno. Hooyo alifungua kinywa amsaidie, kisha akakifunga. Tulisubiri, sote wawili. Mbuzi wa jirani walipita wote, na mchungaji wao akapita.

"Ukifika," akasema, akapumua. "Ukifika, piga simu."

Nilipofika Garissa nilipiga nikiwa bado nimesimama mlangoni, mkoba begani. Simu iliita sana. Nilidhani Hooyo yuko jikoni, nikataka kukata. Kisha ikapokelewa, na kukawa kimya, kimya cha mtu anayejiandaa. Nilimngoja.

"Haye," akasema Aabo. "Umefika."