Kununua Nyumba Niboye Jumamosi ya Umuganda

Mdogo wangu Hamisi anaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Kigali. Kila akipita Kahama hulala kwangu, hula kwangu, na asubuhi huniachia wazo moja kama malipo. Mengi nimeyatupa pamoja na maganda ya viazi, lakini lile la mwaka jana halikutupika. Alisema Kigali haikosi mikutano, hoteli ni ghali, na wageni wengi wa heshima wanatafuta nyumba ya kukaa siku tatu nne, wajipikie chai wenyewe. "Dada, tununue moja tu. Wewe una akili ya bei, mimi naijua njia."

Yeye alikuwa na akiba yake yote ya barabarani, mimi nilikuwa nimeuza fremu yangu moja ya duka la vyombo. Tukiunganisha, tunapata nyumba moja. Tukipoteza, hatuanzi tena: macho ya Hamisi yameanza kuchoka na taa za usiku, na magoti yangu hayataki tena kuinama kupanga sufuria. Nikaenda mimi, kwa sababu Hamisi akitajiwa bei hushukuru.

Rusumo, mpakani, nilinyang'anywa mali kwa mara ya kwanza, tena kwa adabu. Nilikuwa nimefunga mchele wa zawadi, viatu na hata khanga katika mifuko ya plastiki, na Rwanda mifuko hiyo haiingii. Afisa kijana akaniomba niitoe yote.

"Lakini hii ni mipya," nikamwambia.

"Hata ile mipya, mama."

"Na huu mmoja wa viatu? Viatu vina tope."

Akanitazama kwa huruma. Nikavuka daraja la Kagera na viatu mkononi na mchele kwenye khanga. Ng'ambo, basi likahamia upande wa kulia wa barabara na saa ikarudi nyuma saa nzima. Hiyo saa moja ndiyo kitu pekee nilichopewa Rwanda bila kuuliza bei.

Kabuga ndipo mji unapoanza kwa anayetokea mashariki. Wanawake wa soko walishuka na magunia yao, wakapanda wengine waliovaa mavazi ya ofisini. Abiria niliyekaa naye aliniambia wengi wana maduka hapa na familia mjini, au familia hapa na kazi mjini. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nahesabu nyumba za ghorofa mlimani, na nikirudia hesabu nakuta zimeongezeka.

Alhamisi jioni nilifika Niboye kwa Bi Mariamu, fundi cherehani ambaye Hamisi humletea vitambaa. Anashona Gitega, karibu na katikati ya mji, lakini analala huku, mtaa wa watu wa kipato cha kati ulio kimya mpaka nikadhani kuna msiba. Babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani akaoa hapa hapa, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu mpaka anapokasirika. Hapo huhamia Kinyarwanda na mimi nasalimika.

"Nyumba yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Hapa hapa Niboye, nimeambiwa. Geti la kijani, juu ya korongo."

"Barabara ya nyuma hiyo. Umudugudu wetu." Umudugudu ndiyo mtaa wao mdogo, wenye mkuu wake na mikutano yake. Akafikiri kidogo. "Nashinda Gitega, majirani wa upande ule siwajui sana. Nani anakuuzia?"

"Dalali anaitwa Fideli."

"Ah. Komisiyoneri." Akarudi kwenye sindano yake, na sikupenda jinsi alivyouma uzi.

Ijumaa saa nne Fideli alinichukua, viatu vyake vikiwa vimechongoka mbele kama vinataka kufika kabla yake. Alikulia Bujumbura, na maneno yake yalikimbia kuliko gari.

"Mama, hii nyumba iko muzuri, sikudanganye. Iko na vyumba ine, maji iko, moto ya umeme iko, jirani hakuna fujo. Mugeni akilala hapa hataki kurudi kwao!"

"Akikataa kurudi kwao atanilipa nini?"

Akacheka, lakini alichelewa kidogo.

Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Vigae vya rangi ya udongo, baraza inayotazama bonde, tangi kubwa la maji, mpapai mmoja wenye matunda. Mwenye nyumba, Bwana Inosenti, alikuwa mtu mnene mpole mwenye mikono laini. Nilikagua bomba kwa bomba. Kwa nje nilihesabu madirisha kumi na moja. Kwa ndani nikapata kumi. Nikatoka nikahesabu tena: kumi na moja. Kulikuwa na mlango mmoja wa ukumbini uliofungwa.

"Stoo," akasema Inosenti. "Ufunguo umepotea."

Hati alinionyesha bila shida, na ilikuwa na majina mawili, lake na la mkewe, Konsolata. Nikauliza huyo mama yuko wapi.

"Bujumbura, anauguza mama yake. Akirudi atasaini. Wewe toa avansi tu leo, nyumba isichukuliwe." Avansi ni malipo ya kwanza.

Nikataja bei. Nilitaja kama tunavyotaja sote, bei ya kutukaniwa, ili tutukanane kidogo kisha tupandishe. Inosenti akatazama bonde, akamtazama Fideli, akasema, "Sawa."

Jamani! Chai ilikuwa bado inafuka. Maishani mwangu nimeuza sufuria nyingi, na mtu akikubali bei ya kwanza najua ana haraka ya kuondoka. Fedha za avansi nilikuwa nazo kwenye mkanda niliojishonea, na nusu yake ilikuwa ya mdogo wangu.

"Nitalipa kesho," nikasema. "Nataka kuiona nyumba na mwanga wa asubuhi."

Fideli akaruka. "Kesho iko umuganda, mama! Hakuna kitu inatembea. Ofisi imefungwa, gari imesimama. Reo, reo ndiyo siku!"

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu kuna Mukenya anakuja na pesa yake yote."

"Msalimie," nikasema, nikatembea kwa miguu hadi kwa Bi Mariamu, haraka kama niliyeiba.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda wanaweka chini kila kitu na kutoka kufanya kazi ya pamoja mtaani, ndiyo umuganda. Saa mbili asubuhi niliamka nikakuta mji umenyamaza zaidi ya jana. Bi Mariamu alikuwa amevaa buti na ameshika majembe mawili.

"Mgeni anaweza kubaki ndani akapumzika," akasema. "Au anaweza kuja."

Nikachukua jembe. Nisijipambe: sikwenda kuisaidia Rwanda, nilikwenda kuchunguza. Nilitaka kusikia kwa majirani kama maji yanakatika, kama mbwa wanabweka, kama korongo linajaa mvua ikinyesha. Muuzaji mmoja anaweza kunidanganya, lakini mtaa mzima hauwezi kukaa kikao kwa ajili yangu.

Tulizibua mtaro chini ya ile nyumba ya geti la kijani. Walimu, madereva, muuza simu, mama mmoja wa benki mwenye glavu za waridi. Kando yangu alikuwa mwanamke mwembamba aliyelima kama anayelipwa kwa koleo. Aliniona napumzika mara ya tatu.

"Mama, jembe linakuuma?"

"Jembe halina neno. Mgongo ndio unalalamika."

"Mwambie saa tano tunamaliza." Kiswahili chake kilikuwa cha Burundi, kimenyooka. "Mimi nimetoka Kabuga jana usiku, nina duka huko sokoni. Wiki nzima nalala kwa mama yangu, Ijumaa narudi kwa mzee. Umuganda sikosi, la sivyo watasema nimehama."

Nikamuuliza kuhusu korongo. Akaniambia lina adabu, mvua ikija linapeleka maji chini bila kuingia kwa mtu. Nikafurahi. Nikaona nimepata jirani.

Saa tano tukaketi kwenye nyasi kwa mkutano, kama desturi yao ilivyo. Mkuu wa umudugudu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, alisema ya usafi, akasema ya taa za barabarani, kisha akaomba wageni wasimame wajitambulishe. Kila mgeni husimama. Mtu hakai mtaani bila mtaa kumjua. Bi Mariamu akanigusa kiwiko.

Nikasimama, naye akawa mkalimani wangu. "Naitwa Zuhura, natoka Kahama, Tanzania. Nimekuja kununua nyumba ya Bwana Inosenti, ile ya geti la kijani, niwapangishe wageni wa siku chache. Mungu akipenda tutakuwa majirani. Wageni wangu hawatapiga kelele, nawaahidi."

Bi Mariamu alipomaliza kutafsiri, watu waligeuka. Hawakunitazama mimi. Walimtazama yule mwanamke mwembamba. Nyuma kabisa nikamwona Inosenti na panga lake, anainuka polepole kama mtu aliyekumbuka maji jikoni.

"Kaa, Inosenti," mkuu akasema, na sikuhitaji mkalimani.

Mwanamke yule akasimama, akajipangusa udongo. Hakupaza sauti. Huku watu hawapazi.

"Karibu sana, mama. Mimi ni Konsolata, mke wake. Nafurahi kusikia nauza nyumba yangu." Akaegemea jembe. "Nauza bei gani?"

Ningeweza kusema uongo, lakini mbele ya mtaa mzima na mgongo unauma, sikuweza. Nikataja bei.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo ni bei ya nyumba bila mke."

Mtaa ulicheka mpaka mama wa benki akavua glavu kujifuta machozi. Mimi nikakaa. Nilishika mkanda wangu kiunoni, upande huu na upande ule. Fedha za Hamisi zilikuwepo zote.

Mchana Konsolata alinialika kwake. Bi Mariamu alifuatana nami, na Fideli alijileta mwenyewe. Ufunguo uliopotea ulikuwa shingoni mwa Konsolata. Akaufungua ule mlango: dirisha langu la kumi na moja, magunia ya maharage, madumu ya mafuta, shehena ya duka lake.

"Bujumbura," akamwambia mumewe bila kumtazama, maana nilikuwa nimeshamweleza yote. "Mama yangu yuko Kabuga, anakula ugali wa muhogo na samaki, na wewe umemlaza kitandani Bujumbura."

"Nilitaka avansi kwanza," Inosenti akasema. "Ukiziona pesa ungekubali. Ningenunua lile gari dogo la abiria..."

"Gari!" Akageuka kwangu. "Mama Zuhura, mwaka mzima namwambia tuuze tuhamie Kabuga karibu na duka. Amekataa. Kumbe anataka kuuza peke yake!"

Fideli akakohoa. "Mimi nilisema tangu mwanzo, tumungoje mama Konsolata..."

"Wewe nyamaza," tukasema sisi wanawake watatu, na Bi Mariamu akamalizia kwa Kinyarwanda.

Basi tukaanza upya. Nimepatana bei na watu wa Kariakoo, nimepatana na Wachina wa jumla, sijawahi kukutana na mtu kama Konsolata. Nilisema paa limechakaa. Akaniambia nipande nionyeshe wapi. Nilisema mpapai una wadudu; akakata papai akanilisha. Nikasimama niondoke, akanifungulia geti. Nikarudi mwenyewe! Mwisho tulikubaliana bei ya juu kuliko ile ya Ijumaa, fedha ziingie akaunti yenye majina yao wawili, na avansi isitoke hadi wote wawili wasaini. Hilo la mwisho nililitaja mimi, na ndilo pekee ambalo hakulipinga.

Jumatatu asubuhi tulikuwa ofisi ya sekta, yaani kata yao, mbele ya afisa wa ardhi anayethibitisha mauzo. Alinieleza kwa utulivu kuwa mgeni hupewa ardhi kwa mkataba wa miaka mingi, akanionyesha mahali palipoandikwa. Nilisoma, nikasoma tena. Inosenti akasaini haraka. Kisha afisa akaweka kalamu mbele ya Konsolata na kumuuliza kama anauza kwa hiari yake.

Aliichukua kalamu. Alitazama dirishani. Inosenti akaanza kutoka jasho, mimi nikaanza kutoka jasho, hata Fideli, ambaye tulimwambia asije, akatoka jasho kule mlangoni. Mwanamke yule aliijenga ile nyumba kwa maharage, debe kwa debe. Alikuwa na haki ya kutuchelewesha.

"Yego," akasema hatimaye. Ndiyo. Akasaini polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu wote.

Nje akanishika mkono. "Mapapai yaache yaive vizuri. Wageni wasile mabichi."

Jumanne, basi la kurudi lilipita Kabuga asubuhi. Nilitafuta duka lake kwa macho nikalikosa, soko lilikuwa limejaa. Nililala hadi Rusumo, usingizi wa mtu aliyeponea chupuchupu, mdomo wazi.

Kahama, Hamisi alikuwa amelaza lori lake kwangu kama kawaida, na alikuwa amemaliza wali.

"Dada! Wamekupunguzia kiasi gani?"

"Wameongeza."

Akaacha kutafuna. Nikamsimulia yote, kuanzia dirisha hadi kalamu. Aliposikia bei ya Ijumaa alipiga goti lake kwa uchungu; aliposikia yaliyotokea kwenye umuganda akanitazama kiunoni ulipokuwa ule mkanda.

"Na ungelipa Ijumaa?"

"Ungekuwa unaendesha lori hadi uzeeni, na mimi nikikushushia mizigo."

Akasogeza sahani, akanipakulia nyama iliyobaki, jambo ambalo sikumbuki alifanya lini mwisho. Toka siku hiyo mteja wangu akikubali bei upesi, au muuzaji akinishushia kabla sijakaa, sifurahi tena. Nageuka kutazama nani hajaulizwa.