Mkaguzi wa Visima

Mkaguzi wa visima huja Kariakoo na kamba yenye mafundo, kalamu ikining'inia shingoni kwa uzi. Kila kisima hukiinamia kwanza, akasikiliza, ndipo afungue fomu. Jana Mzee Eliakimu, mwenye nyumba wetu, alimwonyesha kisima kilichokauka, kikombe cha chai mkononi.

"Kwenye matumizi andika majitaka. Mabomba ya vyoo tutayaelekeza humu."

Mkaguzi hakubishana. Alimgeukia Ritha, muuza chai wa upande wa pili wa ukuta, aliyemuuzia Mzee chai ile.

"Dada, maji unachota wapi?"

"Kisima cha hapa kwetu."

"Mzee, huko chini hakuna ukuta," mkaguzi alisema taratibu.

Mzee alikitazama kikombe chake.

"Kukiziba kunataka saruji mifuko mingapi?"

Mkaguzi akaandika "kuzibwa", kisha naye akaagiza chai.